Vigingi Kumi na Viwili

Jumamosi, 2 Machi

Mwalimu wa jiografia anataka daftari la utafiti liwe safi: tarehe, saa, vipimo, hali ya hewa, basi. Hataki kuona "nadhani" wala "nilichoka". Nimelianza leo, na mwandiko wangu humo unapendeza hadi najionea wivu. Hili la pili ni la takataka. Humu nitaandika yale ambayo Mwalimu angeyapiga mstari mwekundu.

Utafiti wenyewe ni huu. Nyuma ya nyumba za chini, anapopanga dada yangu, kuna mteremko mkali wa udongo mwekundu uliokatwa miti yote kwa ajili ya kuni. Kila masika watu husema utaporomoka, na kila masika hauporomoki. Mimi nitapima kama unatembea. Nimepigilia vigingi kumi na viwili vya mbao, safu tatu za vigingi vinne vinne, wima kabisa. Kila safu ina mabomba mawili ya chuma, moja kila upande, yamesimikwa kwenye mwamba, na kati yake navuta uzi. Udongo ukitembea, kigingi kitainama na kitashuka chini ya uzi. Kila Jumamosi saa mbili asubuhi napima kila kigingi mara mbili: kimeinama digrii ngapi, na kimetoka kwenye uzi sentimita ngapi. Nitapima mpaka tarehe 11 Mei. Wenzangu wamechagua kuhesabu magari barabarani kwa wiki mbili. Shauri yao.

Dada alitoka jikoni kunitazama, mkono kiunoni. Ana mimba ya miezi sita, na mumewe ni dereva wa lori anayeonekana nyumbani kwa kudra.

"Profesa," akasema, "ukimaliza kupima mlima uje upime na huyu. Naye anasukuma."

Jirani yake, Mama Pindo, akacheka dirishani mpaka cherehani ikasimama. Mama Pindo ni mshonaji. Amepewa jina hilo kwa sababu ukimpelekea nguo yenye kasoro yoyote, hata kama imekatika mkono, atakwambia tatizo ni pindo.

Jumamosi, 9 Machi

Jua kali. Vigingi vyote sifuri.

Jumamosi, 16 Machi

Mvua imeanza Jumatano, na imeanza kwa fujo. Vipimo: sifuri kwa vyote, ila kigingi cha pili safu ya juu kimeinama digrii moja. Nilifurahi kama nimeokota kitu.

Nikiwa napima alishuka Babu Timazi. Huyu ni mwashi mstaafu anayekaa juu, karibu na bomba la maji. Hatembei bila timazi mfukoni, ule uzi wenye kipande cha chuma mwishoni ambao mafundi hutazamia kama ukuta umesimama sawasawa. Ukimkaribisha kwako, kabla hujamaliza salamu ameshaining'iniza mlangoni na kutikisa kichwa. Alipolazwa hospitali mwaka jana alimwambia daktari kitanda kimelala kushoto, na hakutulia mpaka wakamwekea kigae chini ya mguu mmoja. Ni mzee mwema, na anachosha.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Hivi vijiti ni vya nini, mjukuu wangu?"

"Kazi ya shule."

"Vinatakiwa visimame wima?"

Manyunyu yalikuwa yameanza tena na karatasi yangu inalowa. Nilimjibu huku nimempa mgongo. "Ndiyo, babu. Wima, na kwenye uzi. Watoto wasije wakavichezea tu, wataniharibia kazi."

"Kazi safi hiyo," akasema, akapanda zake taratibu.

Jumamosi, 23 Machi

Mvua siku sita kati ya saba. Nilishuka mbio. Sifuri. Vyote! Hata kile cha digrii moja kimerudi sifuri, kwa hiyo wiki iliyopita huenda nilikosea kusoma. Nimekwenda kwa Mwalimu na uso mrefu. Ameniambia sifuri nayo ni jibu, na kwamba mtafiti anayetaka jibu la kusisimua aende akaandike riwaya.

Jumatano, 27 Machi

Dada analalamika mlango wake wa nyuma haufungi. Nimemweleza kwamba mbao hunywa maji zikavimba. Mama Pindo naye, ukuta kwa ukuta, anasema akiweka uzi wa kushonea mezani unabingirika wenyewe mpaka chini, na wiki iliyopita haukuwa unabingirika.

"Meza yako ina mguu mfupi, mama."

"Basi niikate pindo," akasema. Halafu akaacha kucheka. "Wewe ndiye unayepima, mwanangu. Mimi nakwambia tu ninayoyaona. Nimepata chumba kule sokoni, kidogo, hakina hata pa kuwekea cherehani vizuri. Nihame?"

Nilimwambia asubiri vipimo vya Jumamosi. Niliona fahari kusema hivyo, na naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mtu mzima aliniuliza swali la maana, nami nikamjibu kama daktari.

Jumamosi, 30 Machi

Sifuri kumi na mbili. Udongo kuzunguka kila kigingi umeshindiliwa vizuri kabisa. Kwenye daftari safi nimeandika: *udongo imara*.

Jumanne, 2 Aprili

Leo kila mtafiti amesoma matokeo ya nusu muhula mbele ya darasa. Wa magari walichekwa. Mimi nilichora mchoro ubaoni, mstari umelala chini tangu mwanzo mpaka mwisho, na Mwalimu akasema huu ndio utafiti: watu wanaogopa kwa midomo, huyu ameuuliza udongo wenyewe.

Maneno hayakai. Jioni mwenye nyumba zile za chini alikuja kwetu juu, viatu vyake vimefungwa mifuko ya nailoni visipate tope. Aliongea na mama kwa adabu ambayo sijawahi kumwona nayo, halafu akaniomba nakala ya jedwali langu. Nilimwandikia kwa wino, nikapiga mistari kwa rula. Amelibandika ukutani kule chini, nje kwenye beseni la kufulia la wapangaji, ndani ya plastiki.

Alhamisi, 4 Aprili

Mama Pindo ameacha chumba cha sokoni. Ameniambia mwenyewe, akiwa na pini mdomoni. "Kama mtoto wa shule amepima na rula, mimi na meza yangu ni nani?"

Jumamosi, 6 Aprili

Sifuri. Mvua.

Jumamosi, 13 Aprili

Mvua haijakatika tangu Jumatatu. Ua wa dada una ufa mwembamba unaoanzia jikoni na kupita mlangoni kwa Mama Pindo. Maji yanayotoka chini ya mteremko yamekuwa mekundu kama chai. Nimepima vigingi mara mbili, moja baada ya nyingine, na mara zote mbili ni sifuri. Nimeandika kwamba ufa ni wa sakafu mbovu.

Mwalimu amenipa habari: Alhamisi ijayo wageni kutoka idara ya elimu watakuja kuona utafiti bora wa shule, na wameuchagua wangu. Watashuka hadi kwenye vigingi. Mama amenisuka nywele.

Jumanne, 16 Aprili

Nataka kuandika hili kwa utaratibu, kwa sababu kichwa changu hakina utaratibu.

Usiku kucha mvua ilipiga bati. Nilipoamka nilianza kuhofia kwamba vigingi vimesombwa na Alhamisi wageni watakuta tope tupu. Saa kumi na mbili na nusu nilishuka na sare ya shule, nimekunja sketi. Sijawahi kwenda pale siku isiyo Jumamosi.

Havikusombwa. Vilikuwa vimelala. Safu ya juu yote imeinama kuelekea nyumba, kigingi cha tatu digrii kumi na nne, cha nne zaidi. Nilivuta uzi kati ya mabomba. Kimoja kimetoka shubiri nzima, kingine zaidi kidogo. Ilikuwa siku tatu tu tangu Jumamosi. Nilipima tena kwa kipimapembe, na jibu likawa lile lile.

Nikasikia kikohozi. Babu Timazi alikuwa anashuka na nyundo ya mbao begani na timazi mkononi.

"Ah! Leo umeniwahi," akasema, anacheka. "Nilitaka ukute tayari."

"Tayari nini, babu?"

"Vijiti vyako. Hawa watoto wa siku hizi hawana adabu, kila wiki wanavilaza. Tangu ile siku uliponiambia lazima viwe wima, nashuka mapema Jumamosi kabla hujaja. Nang'oa, narudisha kwenye uzi, nashindilia, naweka timazi. Kwa mvua hii nikasema leo nisingoje Jumamosi. Mjukuu wangu asije akapewa sifuri."

Nilikuwa nahesabu wiki. Wiki nne. Kila sifuri niliyoiandika kwa wino mzuri tangu siku ile ilikuwa kazi ya mikono ya mzee huyu. Mlima ulikuwa unatembea tangu Machi, na yeye alikuwa anaficha nyayo zake bila kujua, kwa mapenzi, kwa sababu hawezi kuona kitu kimepinda akakiacha.

Sasa sehemu yenyewe.

Alianza kung'oa kigingi cha kwanza. Ningesema, "Babu, acha." Maneno mawili. Lakini niliwaza Alhamisi. Niliwaza wageni, na Mwalimu akiniangalia, na mstari ule uliolala ubaoni. Nikawaza: nikisema leo, hakuna utafiti, kuna mtoto aliyedanganywa na kikongwe kwa wiki nne. Nikawaza pia kwamba mlima umesimama miaka yote hii na hauwezi kuchagua wiki hii.

Babu akasema, "Nishikie uzi hapo, mkono wangu unatetemeka."

Nikamshikia uzi. Nilimshikia kwa vigingi vyote kumi na viwili, mpaka vikasimama kama askari. Saa moja ilikuwa imegonga. Nikamshukuru. Akanipangusa tope begani akaniambia nikimbie shule.

Mchana sikula. Jioni nilikwenda kwa dada, nikafunga mlango uliokataa kufungika, nikamwambia yote. Dada si mtu wa kelele. Alikaa kitandani akashika tumbo.

"Mimi naondoka kesho," akasema. "Nitasema naenda kwa mama kungojea kujifungua. Na Mama Pindo?"

"Nitamwambia Ijumaa. Wageni wakishaondoka. Nitamwambia na mwenye nyumba, na Mwalimu, wote."

"Ijumaa."

"Ni siku mbili tu, dada."

Nilitaka anigombeze. Angenigombeza ningekwenda ukuta wa pili wakati ule ule. Lakini alisema, "Haya," akaanza kukunja nguo, nami nikamsaidia kuzikunja.

Jumatano, 17 Aprili

Dada amehamia chumbani kwangu. Mama Pindo ndiye aliyembebea godoro mpaka juu, kichwani, katika mvua, na amempa kanga mbili na kofia ya mtoto aliyoishona mwenyewe. "Pindo lake nimelishona mara mbili," alisema. Dada aligeukia ukuta akajifanya amechoka.

Alhamisi, 18 Aprili

Wageni wanne na miavuli mitatu. Walishuka kwa shida, wameshikana mikono. Vigingi vilikuwa vimesimama. Nilieleza bila kukwama hata neno moja. Mmoja wao, mwanamke mwenye miwani, aliuliza swali ambalo hakuna mwingine aliyeliuliza: "Kwa hiyo watu wa nyumba hizi wako salama?"

Mama Pindo alikuwa dirishani, cherehani kimya, anasikiliza. Mwalimu alikuwa ananitazama, anatabasamu tayari.

Nikasema, "Kwa mujibu wa vipimo, ndiyo."

Mama Pindo akapiga makofi. Wageni wakacheka, nao wakapiga.

Nimepewa cheti. Kesho baada ya masomo nitamwambia. Nimeandika kwenye kiganja ili nisijipe udhuru: *MP kwanza, kisha mwenye nyumba.* Heri ningekuwa nimeandika hivi juzi. Mvua inaendelea.

Ijumaa, 19 Aprili

Mteremko umeshuka saa nne kasorobo asubuhi. Nilikuwa kwenye somo la hesabu. Hatukusikia kishindo, tulisikia watu.

Vyumba vitatu vya mwisho vimesimama. Chumba cha dada na cha Mama Pindo havipo. Kuna udongo mwekundu mpaka kwenye barabara, na juu yake bati moja limekaa kama mtu aliliweka. Watu walichimba kwa jembe, kwa koleo, kwa sufuria, kwa mikono. Babu Timazi ndiye aliyekuwa anaelekeza. Yeye ndiye aliyezijenga nyumba zile miaka thelathini iliyopita, na alijua chini ya tope lile ukuta wa kati uko wapi. "Chimbeni hapa! Hapo ni jiko, hapa ndipo anapokaa!" Sauti ilimkauka, akaendelea kuonyesha kwa fimbo.

Nilichimba. Kiganja changu kilikuwa na maandishi, na tope likayafuta mapema tu.

Tulimpata saa tisa. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, nyuma ya cherehani.

Jumamosi, 20 Aprili

Leo ni siku ya kupima.

Jumapili, 21 Aprili

Tumemzika. Kaka yake amefika, mtu mrefu mpole anayefanana naye mdomo. Alishika mkono wa kila mmoja. Aliponifikia, mama akamwambia, "Huyu ndiye alikuwa anafanya utafiti pale nyuma," naye akasema, "Ooh, pole sana, mwanangu. Na kazi yako yote imefukiwa."

Hakuna anayenilaumu. Wananionea huruma. Wananiletea chai. Jedwali pale kwenye beseni la kufulia halipo, mtu amelibandua, na sijui ni nani, na hakuna anayeuliza.

Jumatano, 24 Aprili

Dada na mimi tunalala kitanda kimoja na hatuzungumzi. Jana nilisikia anamwambia mama kwamba alihama kwa sababu mgongo ulimuuma. Mama akasema Mungu ni mkubwa, amemwokoa. Dada akajibu, "Ndiyo, mama," kisha akatoka nje akakaa mvuani mpaka mama akamfuata na mwavuli.

Nilikuwa nadhani nimemwokoa yeye. Nilichofanya ni kumpa nusu ya mzigo abebe na tumbo lile.

Jumamosi, 27 Aprili

Sikulala vizuri. Mvua imepungua.

Jumanne, 30 Aprili

Mwalimu ameniita. Anasema shule itanisamehe, si lazima niwasilishe ripoti, nitapewa alama za maendeleo. Ana huruma, na macho yake yamekuwa mekundu siku hizi. Huyu ndiye niliyekuwa namwogopa kuliko mvua, na leo nimemwona ni mtu tu, aliyevaa shati lililopauka kwenye kola, anayetaka jambo hili liishe.

Nikamwambia nitaimaliza.

Jumamosi, 4 Mei

Ninaandika ripoti. Utangulizi, mahali, vifaa, mbinu: hayo yameshakaa. Kwenye matokeo nimeandika majedwali yote sita jinsi yalivyo, kisha chini yake vile vipimo vya Jumanne ambavyo sikuwahi kuviandika kwenye daftari safi. Digrii kumi na nne. Shubiri moja. Vimesimama peke yake baada ya sifuri zote zile na mtu yeyote akiviona ataelewa.

Baada ya matokeo huja sehemu iitwayo *Mapungufu ya Utafiti*. Wanafunzi huandika hapo kwamba rula ilikuwa fupi au muda haukutosha. Nimeandika mistari mitano. Nimeifuta na kuiandika upya mara nane ndipo ikakubali. Inasema vigingi vilirudishwa wima kila wiki na mtu mwenye nia njema ambaye mtafiti hakumweleza kazi yake ni nini. Inasema mtafiti aligundua hivyo tarehe 16 Aprili, saa moja kasoro asubuhi, na akashika uzi. Inasema tarehe 18 aliulizwa kama watu wako salama na akajibu ndiyo, huku akijua.

Alhamisi, 9 Mei

Mwalimu ameisoma akiwa amesimama. Alipofika hapo alivuta kiti.

"Hii haiandikwi hapa," akasema. "Mapungufu ni ya vifaa na mbinu."

"Ndiyo, Mwalimu. Ilikuwa mbinu."

"Wewe ni mtoto. Mlima ungeshuka hata usingepima." Alitazama mlango kama umefungwa. "Kuna wageni walioona. Kuna jina la shule. Na yule mzee, unataka asome hivi? Futa mistari hii mitano. Iliyobaki ni kazi nzuri mno, itakwenda mbali."

Kuhusu mlima alisema kweli. Nimeligeuza neno hilo njia nzima. Mlima ungeshuka, sawa, lakini nisingepima yeye angekuwa sokoni, kwenye chumba kisicho na pa kuwekea cherehani vizuri.

Kuhusu mzee nako alisema kweli, na hapo ndipo niliposhindwa kulala tena.

Jumamosi, 11 Mei

Jua. Siku ya mwisho ya utafiti kwa ratiba ya shule.

Babu Timazi amekuja mwenyewe asubuhi. Amekonda. Mama akamwekea kiti nje na chai, akaenda kuanika nguo. Dada alikuwa mlangoni, miguu imemvimba, hakuondoka.

"Nimesikia umemaliza kitabu chako," babu akasema. "Macho yangu hayasomi tena mwandiko mdogo. Nisomee. Nijue kama vijiti vile vilikusaidia."

Ningeweza kumsomea utangulizi. Ni mrefu na mzuri, na mzee angesinzia katikati. Nilifungua ukurasa wa ishirini na tatu nikamsomea mistari mitano, sauti yangu yote.

Akaweka kikombe chini.

"Rudia hapo kwenye tarehe kumi na sita."

Nikarudia.

"Kumbe si watoto," akasema.

"Si watoto, babu. Ulikuwa udongo unashuka. Ilinipasa nikueleze siku ya kwanza, uliponiuliza. Nilikujibu nimekupa mgongo."

"Na mimi kila wiki naurudisha mlima mahali pake." Alitazama mikono yake, akaifunga, akaifungua. "Ile Jumanne, nilipokuja na nyundo, wewe ulikuwa umeshajua?"

"Nilikuwa nimeshajua."

"Na ukanishikia uzi."

"Nilikushikia, babu. Nisamehe. Nilitaka wageni wavikute vimesimama."

Nilidhani atalia, au atanipiga na fimbo, na vyote viwili ningevipokea. Akaichukua fimbo akailaza magotini. Kutoka mlangoni dada akasema kwa sauti ndogo, "Hata mimi nilijua, babu. Aliniambia jioni ile," na hiyo ndiyo mara ya kwanza kwake kulisema mbele ya mtu.

Babu akatikisa kichwa polepole, si kwa kukubali wala kukataa.

"Yule mama nilimjengea jiko lake," akasema. "Alikuwa akinicheka, lakini ananisikiliza. Ungeniambia asubuhi ile, mjukuu wangu, hata kwa hasira, ningeshuka hapo hapo na nyundo yangu nikamwambia toka. Angenitania. Lakini angetoka."

Akanyanyuka. Nilitaka kumshika mkono kwenye ngazi, akaukataa, akapanda mwenyewe akipumzika kila hatua tatu. Hakuaga.

Mama amerudi na beseni tupu akauliza mzee ana nini. Dada akamwambia akae, akaanza kumweleza tangu mwanzo. Namsikia sasa hivi, ng'ambo ya ukuta.

Nimefungua ripoti. Chini ya Mapungufu ya Utafiti, baada ya mistari mitano ambayo Mwalimu anataka niifute, nimeongeza wa sita, kwa wino: *Marehemu angeweza kuonywa Jumanne, tarehe 16 Aprili, saa moja asubuhi, na angetoka.*

Kesho nitampelekea kaka yake Mama Pindo nakala ya kwanza. Mwalimu atapata yake Jumatatu.